Aliyelibeza Sanduku la Rabenja

Toamasina, 6 Novemba 1988

Dada Zoely,

Kaa kitako kwanza, maana habari hii usiisome umesimama. Bahati imenikumba, dada. Haikupiga hodi, imeingia na viatu vyake. Tangu baridi ilipoanza huko kwenu milimani mpaka leo hii nimesimama msemaji wa posa na harusi kumi na nne, na katika zote hizo sijatozwa faini ya kosa hata moja. Kumi na nne! Wasemaji wengine wa mji huu wakikosea neno hutozwa faini na upande wa pili mpaka wanarudi nyumbani na kofia tu. Mimi nikisimama, ukumbi mzima unanyamaza, hata mbu wanatua. Wiki mbili zilizopita baba wa bibi harusi mmoja, mtu mwenye malori sita, alilia machozi. Akanishika mkono akasema, "Ralaivao, ulimi huo umeupata wapi?" Nikamjibu, "Mzee, nimezaliwa nao. Muulize dada yangu mkubwa, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nikimpigia kelele sikioni."

Sasa salamu, maana furaha imenirukisha ngazi. Hujambo? Tovo hajambo? Bado anachonga? Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo linanitabiria mvua kuliko redio. Joto la hapa unaweza kulikamua kama nguo. Lichi zimeiva, nimekutumia kapu kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara. Bado sijaoa, usiulize. Nimeozesha watu wengi mno hata nafasi ya kuoa nimekosa.

Msalimie Tovo. Mwambie siku akitaka mke asihangaike, mjomba yupo. Nitakuja na koti langu la kijivu na huo ukoo utatoa binti yao na bibi yake juu.

Ndimi mdogo wako, ambaye mji mzima sasa unamwita Bwana Msemaji,
Ralaivao


Ambositra, 27 Novemba 1988

Ralaivao mdogo wangu,

Lichi zimefika. Nusu zimefika zenyewe, nusu zimefika kama maji ya lichi, na kapu lilikuwa na nyuki. Asante, tumekula na kulamba vidole.

Sisi wazima. Miche ya mpunga imeshika, mvua imekuja kwa adabu mwaka huu. Vitumbua vyangu vinauzika, saa moja asubuhi sina hata kimoja. Paa linavuja pale pale, juu ya kitanda ulichokuwa unalala wewe, kwa hiyo hatuna haraka.

Nimesoma habari za bahati yako. Nimezisoma nimesimama na sikuanguka. Wewe uliyewahi kukaririshwa mistari minne shuleni ukasahau minne yote ukalia mbele ya mwalimu, leo unaliza wenye malori. Haya, Mungu ana kazi nyingi.

Lakini usijisifu zaidi, maana nimekuamini, na sasa utanilipa kwa imani hiyo. Sikiliza. Tovo anataka kuoa. Binti anaitwa Voahirana, wa Rabenja mchongaji, yule mwenye karakana karibu na kanisa. Binti anamtaka, tena kwa macho makavu, hana haya. Tatizo ni baba yake. Rabenja anasema Tovo alimbeza hadharani. Kuna neno Tovo alilisema sokoni, na neno lenyewe siandiki, maana karatasi hii itapita mikononi mwa watu. Tumetuma wazee mara mbili wakarudishwa mlangoni hata kabla ya kuketi. Mara ya tatu Rabenja akasema, "Nitawasikiliza siku moja tu. Waje na msemaji anayejua kuondoa lawama. Sitaki mtu wa kubabaisha. Asipoweza, mlango ufungwe."

Mnajimu ametupa siku, Jumamosi ya tarehe nane Aprili, baada ya mavuno. Baada ya hapo hakuna siku njema mpaka baridi iishe, na kuna karani mmoja wa ofisi ya kodi anayepita kwa Rabenja kila Jumapili na mkate wa dukani. Unaelewa.

Nimekwenda mwenyewe kwa Rabenja. Nimemwambia, "Tunaye msemaji. Ni ndugu yangu, yuko Toamasina, harusi kumi na nne bila faini." Akaniuliza mara mbili kama ni kumi na nne kweli. Nikasema ni kumi na nne.

Kwa hiyo njoo. Piga pasi hilo koti.

Dada yako,
Zoely


Toamasina, 2 Januari 1989

Dada mpenzi,

Mwaka mpya uwe mwema kwako, kwa Tovo, kwa paa na kwa vitumbua. Mimi nimeuanza mwaka na mafua, watu wa hapa wanasema mafua katika joto hili ni anasa. Barua yako ilichelewa. Au labda haikuchelewa, mimi ndiye niliyechelewa kuifungua. Posta walikuwa na sikukuu, na mimi pia, na sikukuu zetu hazikukutana.

Nimefurahi sana kuhusu Tovo. Nimefurahi mno. Aprili, eh? Aprili ni mwezi mzuri. Ila hapa bandarini ni mwezi wenye meli nyingi. Tutaona.

Lakini dada, huwezi kumpa fundi kazi bila kumwonyesha palipobomoka. Tovo alisema nini? Ngoja nikueleze tofauti, maana huku sisi tulio katika kazi hii tunazitenganisha kama nguo nyeupe na za rangi. Kutukana na kubeza si kitu kimoja. Ukimtukana mtu, walau unakubali kwamba ni mtu, tena mkubwa wa kutosha kurushiwa jiwe. Ukimbeza humrushii kitu. Unampunguza tu, kama mtu anayemkata mwenzake suruali huku ameivaa. Tena unaweza kumbeza kwa maneno matamu, bila hata neno moja baya, ndiyo maana ni vigumu kumshtaki mtu kwa hilo. Utamwambia chifu alisema nini? "Alinisifu." Chifu atakucheka.

Na kuna kujibeza mwenyewe, na huko ndiko kwenye kazi yetu. Msemaji akisimama hasemi haraka alilotumwa. Kwanza anajipunguza. Mimi si mkubwa hapa, wakubwa wapo. Mimi si mjuzi, nimetumwa kwa sababu miguu yangu iko karibu na mlango. Anajipunguza, anajipunguza, mpaka anapita mlangoni kwa watu bila kulazimika kuinama. Anayesimama na kuanza kujisifu pale, dada, anakula faini kabla hajamaliza kukohoa.

Kwa hiyo niandikie neno lenyewe. Na fikiria pia kama hakuna mzee huko Ambositra anayeweza. Si kwamba nakataa! Nasema tu, mtu wa karibu huwa na faida ya kuwa karibu.

Mdogo wako,
Ralaivao


Ambositra, 25 Januari 1989

Ralaivao,

Mafua pole. Sisi wazima, ila Tovo amepungua. Patasi zake ziko kwenye gunia tangu wiki ya sikukuu. Anakaa mlangoni anachonga kijiti kimoja mpaka kiishe, anaokota kingine. Sakafu yangu imejaa vinyweleo vya mti kama kwa kinyozi. Voahirana amenitumia ujumbe kisimani kwamba yule karani sasa anakuja na mkate na siagi.

Hakuna mzee wa karibu. Nilishamwambia Rabenja kumi na nne. Unataka nirudi nimwambie nini, kumi na tatu?

Neno lenyewe hili hapa, na ukicheka nitajua.

Ilikuwa siku ya gulio. Tovo na wenzake wanapita kwenye kibanda cha mchuuzi wa samani. Pale kuna sanduku la nguo, limechongwa mfuniko wote, mraba ndani ya mraba, kazi ya miezi. Tovo hakujua ni la nani. Wenzake wanamwuliza, "Wewe fundi, hili unalionaje?" Mpwa wako akafungua mfuniko, akafunga, akafungua, akafunga. Akaweka mikono kiunoni kama mkaguzi.

"Hili sanduku ni zuri sana," akasema. "Tena lina hewa. Kuku wangu watalipenda."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Na nyuma yao, Ralaivao, kwenye benchi la mama wa chai, ameketi mtu na kofia ya ukili machoni anakunywa maji ya ukoko wa wali. Akaweka kikombe. Akainuka taratibu. Akamwuliza, "Kijana, kuku wako ni wangapi?"

Tovo akajibu, bado anacheka, "Wengi tu, baba."

"Wasalimie," akasema yule mtu, akaondoka.

Ndipo mchuuzi akasema, "Mnamjua huyo? Ndiye aliyelitengeneza."

Miezi miwili baadaye mwanangu akampenda binti, akamsindikiza mpaka kwao, mlango ukafunguliwa na ile kofia.

Basi. Kila alichosema kilikuwa sifa, na huyo mzee hajachonga sanduku jingine tangu siku hiyo. Anachonga miiko. Voahirana anasema jioni baba yake hufungua na kufunga kabati la jikoni, anasikiliza bawaba.

Umecheka. Najua. Nami nilicheka kwanza, halafu sikucheka tena. Njoo Aprili.

Zoely


Toamasina, 21 Machi 1989

Dada yangu mpendwa sana,

Natumaini mmevuna vizuri. Hapa tumepitiwa na kimbunga. Mabati yamehama kutoka nyumba kwenda nyumba, mimi mwenyewe nimepata mapya mawili ambayo sikuyanunua. Goti linauma pande zote.

Sasa neno la huzuni. Daraja la barabara ya kwenda huko juu limevunjika. Limevunjika kabisa, dada, katikati, hapiti mtu. Wanasema halitapona kabla ya Mei. Nimekaa kitandani na koti langu la kijivu mapajani nimelitazama. Meli pia zimekuja nyingi. Na goti, nimeshasema.

Lakini sijawatupa. Nimeandika hotuba nzima, karatasi nne mbele na nyuma, usiku na mchana, imo humu. Mpe mtu yeyote mwenye sauti. Asome polepole, mahali nilipoweka mstari apumue. Yote imo: si mkubwa, si mjuzi, si kiongozi wa msafara ila mkia wake. Hotuba hii hapa mjini ingetikisa kuta.

Ushauri mmoja wa fundi. Ikikwama, msimbembeleze Rabenja. Msimwambie sanduku lake ni zuri. Hiyo ni kumpandisha kwa kamba, atajiona mjinga. Ninyi shukeni. Shusheni kitu chenu kikubwa kabisa, kile mnachokionea fahari. Kishusheni mpaka chini, halafu mnyamaze.

Mwambie Tovo mjomba yuko naye kwa moyo.

Ralaivao


Ambositra, 10 Aprili 1989

Ralaivao,

Mimi mzima, Tovo mzima, mpunga umeingia ghalani, tumepata zaidi ya mwaka jana. Salamu zimekwisha.

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la karafuu. Nilimuuliza, "Mwanangu, daraja ukalivukaje?" Akasema, "Daraja gani, mama?" Nikamwambia, lile lililovunjika katikati. Akanitazama kwa huruma. Kama wewe huwezi kuvuka na barua yako inavuka, ningemwozesha Tovo kwa kutumia barua.

Nilibaki na karatasi zako nne na siku tano. Nilizunguka kwa wazee. Mmoja ana pumu, mmoja ni binamu wa Rabenja, mmoja aliniomba kwanza nimwonyeshe huyo msemaji wa harusi kumi na nne amsalimie. Basi Jumamosi nilivaa shuka langu jeupe, nikachukua miwani, nikaenda mwenyewe.

Kwa Rabenja walikuwa watu ishirini na sita, nimehesabu. Msemaji wao ni Rafaralahy, yule mzee mwenye sauti ya mbuzi, unamkumbuka, alikuwa anatufukuza kwenye mifereji. Karani alikuwepo pia, kona ya nyuma, na mkate. Rafaralahy akatazama nyuma yangu, akatazama mlangoni, akatazama hata chini ya dirisha.

"Msemaji wenu yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Tuliambiwa ni mwanamume."

"Mwanamume wetu tumempoteza njiani. Kuna daraja limemmeza."

Wakaguna. Rabenja akaashiria kwa mkono, nisome. Nikavaa miwani nikasoma karatasi zako. Nakuambia ukweli, Ralaivao, maneno ni mazuri. Nilipofika pale pa mkia wa msafara, mama mmoja aliguna kwa raha. Lakini mwanzo wa karatasi ya pili Rafaralahy akainua fimbo.

"Tumeona karatasi inajishusha vizuri sana," akasema. "Ni karatasi yenye adabu. Sasa mtu wake yuko wapi? Maana aliyelibeza sanduku si karatasi."

Watu wakacheka, kicheko kile kibaya. Nikamtazama Tovo, uso wake umekuwa kama unga. Rabenja hakucheka. Alikuwa ameshika magoti yake, anangoja kusikia kama tuna zaidi au twende zetu. Nikaona mlango unafungwa, naona kabisa, mkate unapita mbele.

Nikavua miwani. Nikakunja karatasi zako nikaziketia.

Nikasema, "Bwana Rabenja, mwanangu alisema kuku wake watalipenda sanduku lako. Sasa nikuambie kuhusu hao kuku. Hatuna. Hatuna kuku hata mmoja. Tunao bata wawili, na mmoja ni wa jirani, anakuja kwetu kwa sababu kwao wanampigia kelele. Huyu kijana amebeza kazi ya mikono yako kwa kuku ambao hajawahi kuwa nao. Hiyo ndiyo nyumba inayoomba binti yako."

Kisha mtu mmoja nyuma akapiga chafya ya kicheko.

Nikaona nimeshika kamba, nikaendelea kushuka nayo. Nikasema, "Paa letu linavuja. Mimi nauza vitumbua, na vya Jumatatu ni vya Jumapili. Marehemu mume wangu simshushi, amelala, mniwie radhi. Tovo mnamjua, ni fundi, lakini kiti cha kwanza alichonichongea kina miguu mitatu, na kilikusudiwa kuwa na minne." Hapo wakacheka vizuri, na Voahirana alikuwa ameziba mdomo na shuka.

Lakini Rabenja bado. Alikuwa anasikiliza tu, kama anavyosikiliza bawaba. Nikakumbuka ulichoandika, kishusheni kile kikubwa kabisa mnachokionea fahari. Nikatazama nyumbani kwangu moyoni, chumba kwa chumba. Ralaivao, hatukuwa na kitu kikubwa cha kushusha isipokuwa wewe.

Nikasema, "Na ndugu yangu. Yule niliyekuahidi. Miaka kumi na moja ananiandikia kwamba ndiye msemaji mkuu wa Toamasina, nami nimetembea mji huu kifua mbele kwa ajili yake. Nimewaringia majirani. Nimekuringia wewe, hapo hapo mlangoni pako. Sasa nakuambia ninachokijua na ambacho nimekataa kukijua. Katika barua zote hizo hakuna bibi harusi hata mmoja mwenye jina. Kuna baba mwenye malori, kuna bwana mwenye koti, binti zao hawana majina. Nadhani ndugu yangu hajahutubia hata harusi ya paka. Mwanangu alikubeza kwa kuku wa uongo, mimi nilikutisha kwa msemaji wa uongo. Ni ukoo mmoja. Tumekuja hivyo hivyo tulivyo."

Nikanyamaza, kama ulivyosema.

Kwanza mabega ya Rabenja yakaanza. Halafu tumbo. Halafu kofia ikaanguka. Alicheka, Ralaivao, mpaka akawa anamshika Rafaralahy asianguke, na Rafaralahy naye anacheka kwa ile sauti ya mbuzi, na watu waliposikia mbuzi wakazidi. "Harusi ya paka!" anasema, anajifuta macho, "harusi ya paka!"

Alipopata pumzi akasimama, na sasa ikawa zamu yao kushuka, maana unajua mwenyewe, huwezi kuwaacha wageni chini peke yao. Akasema, "Mama Tovo, na mimi niseme. Lile sanduku lina kasoro. Mfuniko haufungi sawasawa."

"Unafunga," akasema Tovo.

Chumba kizima kikageuka. Mwanangu hakuwa na ruhusa hata ya kukohoa.

Rabenja akasema, "Haufungi. Upande wa kushoto umekaa juu."

"Baba, unafunga. Niliufungua na kuufunga mara mbili. Hauna sauti, unashuka kama mkono. Mimi sijui kuufanya vile. Nilijua sijui, ndiyo maana nikasema vile."

Rafaralahy akaruka, "Kijana anambishia mzee! Faini!"

"Mwache abishe," akasema Rabenja. Akaketi. Akaokota kofia yake, akaigeuza mikononi. Kisha akamwambia mkewe, "Leteni wali." Karani aliondoka kabla ya mboga, mkate ameuacha, ulikuwa mkate mzuri.

Basi ni harusi, Ralaivao, Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Tovo anaanza kwa Rabenja kesho kutwa, wanachonga sanduku la binti wao wawili, na nasikia tayari wamegombana kuhusu mbao. Nyumba yangu imefagiliwa. Jana nilicheka peke yangu nikikaanga vitumbua mpaka nikaunguza sita.

Ila Rabenja ana sharti moja. Anataka huyo ndugu aje, asimame mbele ya watu wamwone. Anasema hajawahi kuona mtu anayeweza kuokoa posa kwa kutokuwepo.

Na mimi nina swali, na hili ndilo lililonilaza macho siku mbili. Nilikushusha mbele ya watu ishirini na sita kwa kubahatisha. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira na mkate. Kama nilisema uongo, basi nimembeza ndugu yangu wa tumbo moja ili nipate mkwe, na nitakwenda nyumba kwa nyumba niwaombe radhi wote ishirini na sita, hata karani. Niambie ukweli. Mimi sikucheki.

Zoely


Toamasina, 30 Aprili 1989

Dada Zoely,

Salamu nyingi sana, kwa wewe, kwa bwana harusi, kwa Rabenja na tumbo lake. Mimi mzima. Nimesoma barua yako mara tano, mara tatu nikicheka na mara mbili nikiwa nimefunga mlango. Harusi ya paka! Nimewasomea wapagazi wa bandarini, sasa wananiita Mjomba Paka, na wananilipia kahawa.

Nitakuja. Daraja limepona ghafla, miujiza ipo. Nitakuja na koti la kijivu, ambalo lipo kweli, ila limepungua mkono mmoja kwa panya, na nitasimama Rabenja anitazame mpaka ashibe. Mwambie asitarajie urefu.

Usiende nyumba kwa nyumba. Kaa na miwani yako. Ulivyosimama ukasema vile mbele ya Rafaralahy, wasemaji wote niliowasikia maishani, na nimesikia wengi kuliko mtu yeyote wa mji huu, hakuna aliyeweza. Niliwasikiliza nikiwa nyuma ya ukumbi kando ya mlango wa jikoni, kila Jumamosi, miaka kumi na moja. Nilikuwa nikirudi nyumbani nasema maneno yao peke yangu mbele ya kioo. Kisha nakuandikia. Barua ya kwanza niliandika kwamba nimesimama mara moja tu. Ukanijibu kwamba umemsomea mama kabla hajafa na amefurahi. Baada ya hapo ningerudi nyuma vipi?

Hukusema uongo, dada. Zile harusi kumi na nne hakuna. Sijawahi kuhutubia hata moja. Napanga viti.

Ralaivao